Asili ya Kazi ya Kocha wa Viungo, na Sababu ya Mimi Kuisomea

Mhariri wa gazeti letu hili ameniomba niandike jambo la historia, kwa kuwa anakumbuka kwamba tulipokuwa darasani mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kushika tarehe. Nimemwahidi historia, naye ataipata. Lakini haitakuwa historia ya Vita vya Maji Maji wala ya Mkutano wa Berlin, ambayo wadogo zetu walioko shuleni wanaisoma kila wiki. Nataka kueleza historia ya kazi moja ambayo wengi wetu tunaiona uwanjani kila Jumamosi bila kujiuliza ilitoka wapi. Ni kazi ya yule bwana anayetangulia kuingia uwanjani kabla mpira haujaanza, akapanga koni zake, akapuliza filimbi na kuwakimbiza wachezaji huku na huku. Magazeti yetu humwita kocha wa viungo.

Mimi si mwanamichezo wa kulipwa. Ni mtumishi wa umma, afisa mipango katika halmashauri ya wilaya, mwenye shahada ya uchumi, tumbo lililoanza kuchungulia, na umri uliovuka arobaini. Hata hivyo nilijisajili kufanya mtihani wa cheti cha ukocha wa viungo kinachotolewa na chama cha makocha hao cha Marekani, nikashindwa nusu yake, nikarudia, nikafaulu. Kazini waliniuliza, "Mzee, cheti hiki cha nini tena?" Jibu langu ni refu kidogo. Lina mambo ya Ugiriki ya kale, ya vita vikuu, na ya jimbo la Nebraska. Tena lina jambo moja lililotokea katika uwanja wa shule yetu hii mwezi wa Julai mwaka 1998. Naomba wasomaji wanivumilie nilifuate kwa mpangilio wake.

Ndama wa Milo

Wagiriki wa kale walikuwa na mcheza mieleka aliyeitwa Milo, mzaliwa wa Croton, mji wao uliokuwa kusini mwa nchi inayoitwa leo Italia. Aliishi katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na inakumbukwa kwamba alishinda mieleka ya Olympia mara sita. Watu wakasimulia kwamba siri ya nguvu zake ilikuwa ndama. Alimbeba begani kila siku tangu ndama huyo alipokuwa mdogo. Ndama akakua, na Milo akaendelea kumbeba, hata siku moja akawa amebeba fahali mzima. Hadithi hiyo ni hadithi tu, lakini ndani yake mna kanuni ambayo hadi leo ndiyo mama wa kazi hii yote: mwili huzoea mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Wahenga wetu wasingeshangaa, maana walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Kanuni hiyo ilijulikana, lakini haikuaminiwa na watu wa michezo. Mpaka katikati ya karne ya 20, makocha wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mchezaji anayenyanyua vyuma "hufungwa misuli": anakuwa mzito, mgumu, mzembe wa mbio, hata asiweze kujikuna mgongoni. Vyuma vilikuwa ni vya mabaunsa wa sarakasi. Mkimbiaji au mcheza mpira aliyeonekana karibu navyo alikemewa.

Imani hiyo ilianza kupasuka mwaka 1940 katika Chuo cha Springfield, jimbo la Massachusetts. Mtaalamu wa fiziolojia wa chuo hicho, Peter Karpovich, alikuwa mmoja wa wapinzani wa vyuma. Wakaja pale Bob Hoffman, mwenye kiwanda cha vyuma cha York, pamoja na wanyanyuaji wake, mmoja wao akiwa John Grimek. Karpovich akamwomba Grimek ajikune katikati ya mabega yake. Grimek akajikuna, kisha akaonyesha viungo vilivyo laini kuliko vya wengi waliokuwa wakimtazama, hata akapasua msamba. Karpovich hakununa. Alifanya kama mwanasayansi mwaminifu anavyopaswa kufanya: alikwenda kupima. Mwaka 1951 yeye na William Zorbas walitoa matokeo ya kupima kasi ya mkono ya wanaume 600, nusu yao wakiwa wanyanyua vyuma na nusu wasionyanyua. Wanyanyua vyuma walikuwa wepesi zaidi.

Magoti ya askari

Wakati huo huo, kazi hii ilikuwa inapata mzizi wa pili, nao uliota hospitalini. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari waliovunjika miguu na kuumia magoti. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi, nao walikaa miezi mingi bila kupona. Katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago alikuwako daktari kijana, Thomas DeLorme. Alipokuwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi iliyomlaza kitandani muda mrefu, naye akajirudishia afya kwa kunyanyua vyuma. Basi akathubutu kuwapa askari wake mizigo mizito, mara chache, akiiongeza kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo, na miaka michache baadaye yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaipa njia hiyo umbo linalojulikana sana: tafuta mzigo ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 10 tu, kisha anyanyue mara 10 kwa nusu ya mzigo huo, mara 10 kwa robo tatu yake, na mara 10 kwa mzigo wote. Nguvu zikiongezeka, pima upya.

Naomba wanafunzi waiangalie vizuri hesabu hiyo ndogo, maana ndani yake mna mapinduzi. Kabla ya hapo mazoezi yalikuwa suala la ukali wa kocha na uvumilivu wa mchezaji. DeLorme aliyafanya yawe suala la kipimo. Daktari hatoi dawa kwa kumkasirikia mgonjwa. Hutoa kwa kipimo cha mwili wake. Kuanzia hapo mtu angeweza kuuliza kuhusu zoezi lo lote: kiasi gani, mara ngapi, na baada ya mapumziko ya muda gani?

Nebraska, mwaka 1969

Sasa tunafika katika jimbo la Nebraska, ambalo ni tambarare ya mahindi na ng'ombe katikati ya Marekani. Katika chuo kikuu cha jimbo hilo, mjini Lincoln, alikuwako mwanafunzi mrukaji wa upondo aliyeitwa Boyd Epley. Aliumia mgongo, na katika kuutibu akawa mtu wa chumba cha vyuma. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi, nao walipoumia walipelekwa katika chumba hicho hicho. Walimwona anachofanya, wakaanza kumfuatisha, na wakarudi uwanjani wakiwa na nguvu kuliko walivyoondoka.

Kocha msaidizi wa timu, Tom Osborne, akaliona jambo hilo akamwita Epley. Kijana alikwenda akidhani anaitwa kukemewa, lakini badala yake akaulizwa kama angeweza kuisimamia timu nzima. Kocha mkuu, Bob Devaney, hakuwa na imani sana. Alikubali kwa onyo kwamba mchezaji mmoja tu akipungua mbio, Epley hana kazi. Mwezi wa Agosti 1969 Epley akaanza kulipwa dola 2 kwa saa. Kabla hajawapa vyuma, aliwapima kwanza, mbio zao na kuruka kwao, ili baadaye ajue kama wameongezeka au wamepungua. Timu ile ilikuwa imetoka katika misimu miwili ya mashaka. Mwaka 1970 ikawa bingwa wa nchi, na mwaka 1971 tena. Siwezi kusema kwamba vyuma peke yake ndivyo vilivyoleta ubingwa, maana Devaney alikuwa kocha hodari na wachezaji wake walikuwa na vipaji. Lakini vyuo vingine havikungoja uchunguzi. Kila kimoja kikataka Epley wake.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Kila chuo kilipotaka kocha wa nguvu, kila mwenye kifua kipana aliweza kujiita kocha wa nguvu. Mwaka 1978 Epley aliwakusanya wenzake mjini Lincoln, wakafika 76, wakaunda chama chao cha taifa. Mwaka 1981 chama hicho kilibadili jina ili kisiwe cha makocha wa nguvu peke yao, bali cha nguvu na utimamu wa mwili kwa jumla, na watafiti na matabibu wakakaribishwa kukaa meza moja na makocha. Mwaka 1985 kikatoa mtihani wa kwanza wa cheti. Mwaka 1993 cheti hicho kikatambuliwa na tume ya Marekani inayokagua vyeti vya taaluma mbalimbali. Kwa kifupi, katika muda wa miaka 24, kazi iliyoanza kwa kijana mmoja mwenye mgongo mbovu ilifika mahali pa kumwambia mtu: huwezi kuitwa mwenzetu mpaka tukupime.

Mtihani wenyewe

Wengi wameniuliza mtihani ukoje, hasa vijana wanaofikiri unafanywa kwa kunyanyua vyuma. La hasha. Hakuna chuma hata kimoja. Kwanza ni lazima uwe na shahada ya chuo kikuu, na uwe na cheti cha kumfufua mtu aliyesimama moyo, kwa mikono na kwa mashine. Kisha unakaa mbele ya kompyuta kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya sayansi, maswali 95 kwa saa moja na nusu: misuli na mifupa, moyo na mapafu, chakula, na jinsi mwili unavyotengeneza na kutumia nishati. Ya pili ni ya vitendo, maswali 125 kwa saa mbili na nusu: mbinu za kunyanyua, kupanga programu, kupima wachezaji, na kuendesha chumba cha mazoezi bila kuleta maafa. Maswali mengine huja na video. Unamtazama mtu akichuchumaa na chuma begani, nawe unatakiwa useme amekosea wapi.

Nilisoma usiku, watoto wakishalala, kitabu cha kurasa zaidi ya 700, kikubwa kuliko cho chote nilichosoma katika uchumi. Karatasi ya vitendo nilifaulu. Ya sayansi ilinishinda, kwa kuwa biolojia yangu iliishia kidato cha nne, nayo ilikuwa imelala tangu wakati huo. Aliyeshindwa karatasi moja hurudia hiyo tu. Nikarudi mezani, nikaanza upya na misuli, na hapo ndipo nilipofika kwenye ukurasa ulionifanya nifunge kitabu, nikatoka nje, nikasimama barazani gizani mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Julai 1998

Waliosoma nami watakumbuka kwamba mwaka 1998 nilikuwa kiranja wa michezo, nikiwa kidato cha tatu. Watakumbuka pia kwamba nilikuwa mkali, na kwamba nilijivunia ukali huo. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya Juni, kikundi cha wanafunzi wa kidato cha pili kilichelewa mchakamchaka wa asubuhi ya kwanza. Niliwapeleka uwanjani, nikawaamuru waruke kichura kutoka goli hadi goli, kwenda na kurudi, mara mbili. Walikuwa wametoka majumbani mwao, hawajafanya zoezi lo lote kwa wiki nne. Wengine walilia. Mmoja, kijana mwembamba aliyekuwa winga mzuri, alianguka mara kadhaa, nami nikamwinua kwa maneno makali akamaliza. Nilihesabu kwa sauti. Siwezi kudai kwamba sikufurahia.

Siku ya pili yake kijana huyo alishindwa kushuka kitandani. Mapaja yalikuwa yamevimba. Siku ya tatu mkojo wake ulitoka wa rangi ya chai ya rangi, tena iliyokolea. Bweni zima tulisema ni kichocho, maana mto uko karibu na kila mmoja wetu alikuwa ameoga humo. Alipelekwa hospitali, akatundikiwa dripu, akapewa na dawa za kichocho, akakosa masomo ya wiki tatu. Alirudi akiwa amekonda, na winga hakucheza tena mwaka ule. Hakuna aliyeniuliza lo lote. Nami sikujiuliza.

Ukurasa ule ulieleza ugonjwa unaoitwa rabdomiolisisi. Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi, hasa kazi isiyoizoea, nyuzi zake hupasuka na vitu vilivyokuwa ndani yake kumwagika katika damu. Figo hulazimika kuvichuja, na zikizidiwa huweza kufa, na mwenye figo naye. Dalili zilizotajwa ni tatu: maumivu makali yasiyo ya kawaida, uvimbe, na mkojo wa rangi ya chai. Matibabu yake ni maji mengi ya mshipani, mapema. Basi dripu ile iliyotundikwa kwa ajili ya kichocho ndiyo aghalabu iliyomwokoa, na mimi ndiye niliyempeleka kwenye dripu. Sikuwa daktari wake wala sikuona vipimo vyake, lakini sijaweza kuusoma ukurasa ule kwa namna nyingine.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo hutokea kwa viranja wajinga wa shule za bweni peke yao. Mwezi wa Januari 2011, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, wachezaji 13 wa timu moja walilazwa kwa ugonjwa huo huo. Walikuwa wametoka likizo, wakapewa kuchuchumaa na chuma begani mara 100, kwa nusu ya mzigo wa juu kabisa wanaouweza, kwa kushindana na saa. Na mwezi wa Mei 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa miaka 19 alizidiwa na joto katika mbio za kurudia rudia, wasimamizi hawakumtumbukiza katika maji baridi, akafariki baada ya wiki mbili. Chuo hicho kilikiri kosa lake hadharani. Mwaka 2019 vyama viwili vya makocha wa viungo vikatoa mwongozo wa pamoja kwa wachezaji wapya na wanaorudi kutoka mapumzikoni: wiki ya kwanza punguza kazi ya mbio kwa asilimia 50, ya pili kwa asilimia 30, ya tatu kwa asilimia 20, na ya nne kwa asilimia 10. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote, na hiyo hiyo ndiyo wiki ambayo sisi, kwa mila ya shule, tuliitumia kuwakomesha waliochelewa.

Na kichura je? Kuruka si kubaya. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kirusi, Yuri Verkhoshansky, aliwafundisha warukaji wake kushuka kutoka juu ya kitu na kuruka tena papo hapo, na kutokana na kazi yake makocha duniani kote wamejifunza kulipa kuruka heshima yake. Lakini heshima hiyo ina hesabu. Kwa anayeanza, miguu isiguse ardhi zaidi ya mara 80 hadi 100 katika kipindi kimoja, kisha apumzike siku mbili au tatu kabla ya kurudia. Kutoka goli hadi goli, mara nne, kwa kijana anayeruka chini ya mita moja kila mara, ni zaidi ya mara 400, tena kwa kuchuchumaa kabisa. Hesabu hiyo nilikuwa na uwezo wa kuifanya mwaka 1998. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba iko hesabu ya kufanya.

Pingamizi la wazee

Najua wako wazee wetu watakaosema: mbona Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na Suleiman Nyambui akaleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980, mwaka ule ule Bayi naye alipoleta ya fedha ya kuruka viunzi na maji? Je, shule zetu za wakati ule zilikuwa na makocha wa viungo wenye vyeti?

Pingamizi hilo ni la haki, nami nina majibu mawili. La kwanza, watu hao hawakuwa mabingwa kwa kuteswa. Walifunzwa, wakafanya mazoezi kwa mpango na kwa miaka. La pili, sisi huwahesabu waliofika. Hakuna daftari la waliovunjika njiani: waliopata magoti mabovu wakiwa na miaka kumi na saba, au kupelekwa hospitali na kichocho kisichokuwa kichocho. Mtu akinionyesha daftari hilo, ndipo tutaweza kusema kama njia ya zamani ilikuwa nzuri.

Nilichoambiwa

Katika mkutano wetu uliopita nilimtafuta yule winga. Ni mtu mzima sasa, ana duka la vipuri vya magari, ana afya njema na mwili mpana kuliko wangu. Nilimvuta pembeni ya bwalo nikamweleza yote niliyoyasoma, nikamwomba radhi. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Kaka, mimi miaka yote hii nimewakataza wanangu kuoga mtoni." Tukacheka wote wawili, ingawa cheko langu halikuwa refu. Kisha akasema kwamba mtoto wake wa kwanza anatarajia kuingia kidato cha kwanza hapa hapa shuleni kwetu, naye ni mwepesi wa mpira kama baba yake. Akaniuliza ni nani atakayekuwa anamwangalia uwanjani.

Sikuwa na jibu, na kwa sababu hiyo ninaandika.

Ndugu wenzangu, katika mkutano ule ule tulikubaliana kuchanga fedha ili kuijengea shule chumba cha vyuma. Nia ni njema, nami nimetoa mchango wangu. Lakini historia niliyoieleza inaonyesha mpangilio wa mambo. Kule Nebraska vyuma vilikuwapo kabla ya Epley. Kilichokosekana ni mtu wa kupima na kupanga. Tukinunua vyuma bila mtu, tutakuwa tumewapa viranja wa kesho kichura cha chuma. Kwa hiyo naomba kamati ifikirie mambo matatu.

Kwanza, sehemu ya fedha zitakazopatikana itengwe kumsomesha mwalimu mmoja wa michezo. Si lazima apate cheti cha Marekani, ambacho ni ghali. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kiko Malya, Mwanza, na elimu ya michezo inafundishwa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akishasoma, ndipo vyuma vinunuliwe, tena yeye ndiye atakayetuambia ni vyuma gani. Wazazi wasiogope kwamba watoto watadumaa. Chama kile kile cha Marekani kilikusanya utafiti mwaka 2009 na kueleza kwamba mazoezi ya nguvu ni salama kwa vijana na yana faida, mradi yapangwe vizuri na yasimamiwe na mtu anayeelewa.

Pili, shule iombwe kuondoa mazoezi katika orodha ya adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa na afagie, amwagilie bustani, aandike insha. Anayeadhibiwa kwa zoezi hana ruhusa ya kusema amechoka, na ruhusa hiyo ndiyo kinga yake ya mwisho.

Tatu, dalili zile tatu ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe katika kila bweni: maumivu makali, uvimbe, mkojo wa rangi ya chai. Na chini yake iandikwe kwamba aliyeanguka kwa joto akiwa amechanganyikiwa hupozwa kwanza kwa maji baridi mwili mzima, pale pale, na kupelekwa hospitali baadaye.

Kwa upande wangu, nimewasiliana na uongozi wa shule, nao umenikubalia nije Jumamosi mbili katika kila muhula, kwa nauli yangu mwenyewe, kukaa na viranja wa michezo na mwalimu wao. Cheti changu ni cha miaka mitatu; baada ya hapo ni lazima nionyeshe kwamba nimeendelea kujifunza, ama sivyo nanyang'anywa. Naliona hilo kuwa jambo zuri. Cheo changu cha ukiranja hakuna aliyewahi kukikagua.

Kwa wadogo zetu mlioko shuleni, hasa ninyi mliochaguliwa kuwa viranja wa michezo mwaka huu: filimbi mliyopewa ni ile ile niliyokuwa nayo mimi. Kabla ya kuipuliza, mwulizeni mwenzenu ametoka wapi, amekula nini, na mara ya mwisho alifanya mazoezi lini. Kisha fanyeni hesabu.